Harry Thuku na Nguvu ya Herufi za Chapa

Utangulizi

Harry Thuku anajulikana na wengi kama mmoja wa waasisi wa siasa za Waafrika nchini Kenya. Wanafunzi wa historia humkumbuka kwa sababu ya kukamatwa kwake mnamo Machi 1922 na damu iliyomwagika kwa ajili hiyo jijini Nairobi. Hata hivyo, ipo sehemu ya maisha yake ambayo haijapewa uzito unaostahiki. Kabla ya kuwa mwanasiasa, Thuku alikuwa fundi wa herufi. Aliwahi kuajiriwa kupanga chapa katika gazeti la walowezi, na baadaye akautumia ujuzi wa aina hiyo hiyo kutetea watu waliodhulumiwa na walowezi hao. Makala haya yanayatazama maisha yake kwa jicho hilo: nafasi ya mwandiko wa mkono, nafasi ya herufi za chapa, na nafasi ya Kiswahili katika safari yake.

Kuzaliwa na Kuelimika

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, mahali ambapo leo ni sehemu ya Kaunti ya Kiambu. Kambui ipo katika matuta ya nchi ya Wagikuyu. Ukiteremka kutoka matuta hayo kuelekea mashariki unakutana na Ruiru, na ukiendelea kaskazini unafika Thika. Wakati wa ujana wake, nyanda za Ruiru na Thika zilikuwa zikigeuzwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Mnamo 1913 reli kutoka Nairobi ilifika Thika. Mazao ya walowezi yakapata njia, na mahitaji ya vibarua yakaongezeka. Vijana wengi wa matuta ya juu walishuka kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo.

Thuku alifuata njia nyingine. Katika Kambui kulikuwa na kituo cha Gospel Missionary Society, misheni ndogo kutoka Marekani ambayo baadaye iliungana na Kanisa la Presbiteri. Hapo alisoma kwa muda wa miaka minne, akajifunza kusoma na kuandika. Siku hizo elimu ya namna hiyo ilikuwa adimu mno. Mtoto aliyejua kushika kalamu alikuwa na kitu ambacho wazee wake hawakuwa nacho, na ambacho serikali mpya ilikuwa ikikihitaji kila siku katika ofisi zake: mkono wa kuandika.

Mwandiko Uliomtia Gerezani

Mkono huo ulimponza mapema. Thuku alikwenda Nairobi kutafuta kazi mwaka wa 1911, na muda si muda akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Waandishi wengine hulipita jambo hili haraka, labda kwa kuona haya kwamba shujaa ametiwa doa. Lakini ukilitazama kwa makini, linafundisha jambo kuhusu ulimwengu ambao kijana huyo alikuwa ameuingia. Katika jamii aliyozaliwa, makubaliano yalifungwa mbele ya mashahidi, kwa kauli na kwa viapo. Nairobi ya wakoloni iliendeshwa kwa karatasi. Mstari mmoja wa wino chini ya hundi uliweza kutoa fedha, na mstari huo huo uliweza kumtia mtu pingu. Thuku alijifunza akiwa bado kijana kwamba sahihi ina nguvu, na kwamba nguvu hiyo ina mwenyewe.

Katika Karakana ya Chapa

Baada ya kifungo, Thuku alipata kazi katika Leader of British East Africa, gazeti la walowezi lililochapishwa Nairobi. Kazi yake ilikuwa ya kupanga herufi. Inafaa kueleza kazi hiyo kwa kuwa kizazi cha kompyuta hakiijui. Mpangaji wa herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi vidogo, kila chumba kikiwa na herufi yake ya risasi. Alizichukua herufi moja moja kwa vidole, akazipanga katika kijaluba alichokishika mkononi mpaka zikafanya mstari, na mistari ikafanya ukurasa. Kila herufi ilikuwa imegeuzwa kama sura ndani ya kioo, ili ikigusa karatasi itoke sawasawa. Kwa hiyo fundi alilazimika kusoma maneno kinyume, herufi kwa herufi, wala hakuweza kuruka hata nukta.

Kazi hii ni ndugu ya upigaji taipu. Taipureta zilikuwa zimeanza kuuzwa na kampuni ya Remington huko Marekani tangu 1874, na kufikia wakati wa Thuku zilikwisha kuwa chombo cha kawaida cha ofisi. Si ajabu kwamba Kiswahili kinatumia neno chapa kwa mambo yote mawili: hupigwa chapa gazeti, na hupigwa chapa barua. Kinachoziunganisha kazi hizi ni kwamba mwandiko wa mtu hupotea. Barua ya mkono humfichua mwenyewe. Msomaji hutambua kama aliyeandika ni karani mzoefu au mwanafunzi anayeyumbisha kalamu. Herufi ya chapa haisemi imepangwa na nani. Malalamiko ya kibarua yakipigwa chapa huwa na sura ile ile ya amri ya gavana.

Isitoshe, mpangaji wa herufi husoma kila kitu. Gazeti ambalo Thuku alilifanyia kazi lilikuwa sauti ya walowezi. Mtu anayepanga maoni yao neno kwa neno hawezi kukosa kujua wanataka nini kuhusu ardhi, kodi na kazi ya Mwafrika. Mnamo 1918 aliacha karakana na kuajiriwa katika idara ya Hazina jijini Nairobi, akahudumu katika kazi ya simu. Alikuwa amepita katika shule, gereza, kiwanda cha magazeti na ofisi ya serikali.

Kipande na Tangazo

Miaka iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa migumu. Mnamo Oktoba 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wanawake na watoto hawakusalimika. Kodi ilipandishwa, na mwaka wa 1921 waajiri wakaamua kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Wakazi wa matuta yaliyo juu ya Ruiru na Thika waliyaona hayo kwa macho, kwani mashamba yenyewe yalikuwa mlangoni mwao.

Lililowachoma zaidi ni kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri na kiasi cha mshahara. Cheti kiliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mfanyakazi hakuweza kuacha kazi kabla ya mwajiri kutia sahihi kwamba amemruhusu. Bila sahihi hiyo alihesabiwa kuwa mtoro. Kipande kilikuwa maandishi yaliyomhusu mtu lakini ambayo yeye hakuyaandika, na mara nyingi hakuweza kuyasoma. Mchango wake katika karatasi hiyo ulikuwa wino wa vidole vyake tu.

Mnamo Juni 1921, Thuku na wenzake walianzisha Young Kikuyu Association. Baada ya wiki chache jina likabadilishwa likawa East African Association, kwa maana shida walizozipigania hazikuwa za kabila moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Julai mwaka huo, kufuatia mkutano mkubwa Nairobi, Thuku alituma telegramu hadi London kueleza madai ya watu wake. Machifu na maafisa walikasirika, kwa sababu kijana mmoja alikuwa amewaruka wote na kusema moja kwa moja na Wizara ya Makoloni. Miaka kumi kabla yake alifungwa kwa kutumia sahihi isiyo yake. Safari hii aliliweka jina lake mwenyewe chini ya maneno ya maelfu ya watu, na kwa ajili ya siasa akapoteza ajira yake ya Hazina.

Katika harakati hizo Thuku alisaidiwa na M. A. Desai, kiongozi wa Wahindi aliyehusika na gazeti la East African Chronicle. Kwa msaada wa mtambo wa gazeti hilo zilichapishwa karatasi za chama, na mojawapo iliitwa Tangazo. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kutua. Thuku alikuwa Mgikuyu, na angeweza kuwaandikia Wagikuyu pekee. Alichagua Kiswahili ili aweze kuwafikia Wakamba, Waluo, Waganda na wengine waliokutana Nairobi. Karatasi hizo zilisambazwa kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kabla ya Kamati ya Lugha ya 1930. Kiswahili cha bara, ambacho wataalamu wengi walikidharau wakati huo, tayari kilikuwa kikibeba hoja za kisiasa katika herufi za chapa.

Wengi wa walengwa hawakujua kusoma. Karatasi moja ilimtosha msomaji mmoja, naye akaisoma kwa sauti mbele ya kundi la wasikilizaji. Hivyo maandishi yalirejea kuwa masimulizi, nayo masimulizi yakatembea mbali kuliko karatasi.

Machi 1922

Thuku alikwenda mbali zaidi alipowahimiza watu wavikusanye vipande na kuvirudisha kwa serikali. Mnamo tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa na kufungiwa katika kituo cha polisi cha Nairobi. Maelfu ya watu walikusanyika kudai aachiliwe. Tarehe 16, mazungumzo kati ya viongozi na maafisa yalipokosa kuzaa matunda, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao na kuuongoza umati mbele. Polisi walifyatua risasi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa katika Hoteli ya Norfolk walijiunga nao. Nyanjiru aliuawa. Serikali ilitaja vifo vya watu 21. Hesabu za Waafrika zilizidi hizo.

Wanawake walimkumbuka Nyanjiru na Thuku kwa wimbo ulioitwa Kanyegenyuri. Mtambo wa chapa unaweza kufungwa na mwenyewe kupelekwa mbali, ila wimbo hauna sanduku la herufi la kunyang'anywa.

Uhamishoni

Thuku hakufunguliwa mashtaka wala kuhukumiwa. Alipelekwa Kismayu, mji ambao wakati huo ulikuwa bado chini ya utawala wa Kenya. Eneo hilo lilipokabidhiwa Italia, alihamishwa hadi Lamu, kisha Witu, na hatimaye Marsabit. Kuna jambo la kutafakari katika njia hiyo. Mtu aliyesambaza karatasi za Kiswahili alipelekwa Lamu, mji ambao Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa mkono na kwa hati za Kiarabu tangu karne nyingi. Katika miaka hiyo hiyo, Muhamadi Kijuma, mnakili na msanii mashuhuri wa Lamu, alikuwa bado akinakili tenzi kwa kalamu. Lugha moja ilikuwa na maisha mawili: huku mwandiko wa mnakili uliohifadhi turathi, kule karatasi za chapa zilizodai haki.

Kurudi Nyumbani

Thuku aliachiliwa mwanzoni mwa 1931. Mwaka uliofuata alikuwa rais wa Kikuyu Central Association, lakini mizozo ya ndani ilikigawa chama, naye akaanzisha Kikuyu Provincial Association mnamo 1935. Tangu hapo aliamini katika njia za kisheria na za taratibu. Wakati wa vita vya Mau Mau alisimama hadharani kuwapinga wapiganaji, na kwa hilo wengi hawakumsamehe. Mgala muue na haki yake umpe. Msimamo wake wa uzeeni haufuti karatasi za 1921, wala karatasi za 1921 hazifuti msimamo wake wa uzeeni.

Aliishi miaka yake ya mwisho akiwa mkulima wa kahawa, zao ambalo walowezi wa Ruiru na Thika walilihodhi kwa miongo kadhaa. Mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki mnamo Juni 1970. Mwaka huo huo tawasifu yake, aliyoiandaa kwa msaada wa Kenneth King, ilichapishwa na Oxford University Press kwa lugha ya Kiingereza.

Hitimisho

Leo barabara inayopita kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Hoteli ya Norfolk inaitwa Harry Thuku. Wanafunzi huipita kila siku wakiwa na simu mkononi, wakiandika kwa vidole gumba pasipo kufikiri kwamba kuna wakati kidole gumba kilikuwa ishara ya mtu asiyeruhusiwa kusema lolote katika karatasi yake mwenyewe. Kupiga chapa kumekuwa jambo la kila mtu kiasi kwamba tunadhani ni stadi ya makarani tu. Maisha ya Thuku yanatuonyesha kwamba palikuwa na gharama kubwa kabla herufi hizo hazijawa zetu.

Historia ya fasihi na lugha ya Kiswahili huorodhesha washairi, wamisionari na kamati. Ni haki orodha hiyo ipanuliwe. Matangazo ya Kiswahili ya 1921 ni matini, tena matini yaliyotikisa serikali. Yanastahili kutafutwa katika hifadhi za nyaraka, kuhaririwa na kusomwa darasani sambamba na tenzi za pwani, ili mwanafunzi ajue kwamba Kiswahili cha bara hakikuanza na sarufi ya kamati, bali tayari kilikuwa na watu walio tayari kufungwa kwa ajili ya maneno yaliyopangwa kwa herufi za risasi.