William Miller: Mkulima Aliyetii na Ndugu Aliyemtia Moyo

Soma kwa ajili ya somo hili: Ezekieli 33:1–9, 1 Samweli 23:15–18, Waebrania 10:23–25, 35–39.

Wazo kuu: Mungu humwita kila mtu binafsi kutii, lakini hakukusudia mtu yeyote atii akiwa peke yake.

Jina la William Miller linajulikana katika makanisa yetu. Tunamkumbuka kwa unabii wa siku 2300 na kwa tarehe 22 Oktoba 1844. Lakini katika maisha yake limo somo jingine ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Utii wake ulihitaji ndugu waliomwalika, waliomfungulia milango, na waliobaki naye alipoaibika.

Askari aliyetafuta jibu

Miller alizaliwa tarehe 15 Februari 1782 huko Pittsfield, Massachusetts, Marekani, akiwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto 16. Alikulia shambani Low Hampton, jimbo la New York. Mwaka 1803 alimwoa Lucy Smith, wakahamia Poultney, Vermont. Huko marafiki wasomi pamoja na vitabu vyao walimvuta aiache imani ya wazazi wake. Akaamini kwamba Mungu aliumba ulimwengu, kisha akauacha ujiendeshe wenyewe, na kwamba hajishughulishi na maisha ya mwanadamu.

Vita kati ya Marekani na Uingereza vilipoanza mwaka 1812, Miller alitumika kama kapteni. Mwezi Septemba 1814, kule Plattsburgh, Waamerika waliwashinda Waingereza waliowazidi sana kwa idadi. Miller hakuweza kuueleza ushindi ule kwa imani yake mpya. Kama Mungu yuko mbali, ni nani aliyewaokoa?

Baada ya vita alirudi Low Hampton. Mwaka 1816, alipokuwa akisoma hubiri mbele ya kanisa la Wabatisti, alizidiwa na hisia hata akashindwa kuendelea. Siku zile alimpokea Yesu kuwa Mwokozi wake. Marafiki wa zamani walimdhihaki kwa kuamini kitabu walichosema kimejaa mambo yanayopingana. Miller akaamua kuchunguza. Kwa miaka 2, akiwa na Biblia na itifaki ya Cruden tu, alisoma kuanzia Mwanzo, fungu kwa fungu, bila kuendelea mbele mpaka aelewe. Mwaka 1818, kutokana na Danieli 8:14, alifikia hitimisho kwamba Kristo angerudi katika muda wa miaka 25 hivi.

Miaka 13 ya kusitasita

Sasa alijua, na kujua kukamletea mzigo. Maonyo ya Ezekieli 33 juu ya mlinzi asiyepiga tarumbeta yalimwandama hata alipokuwa akifanya kazi zake. Alijitetea kwamba yeye ni mkulima, hakusomea uchungaji, wala si msemaji. Aliwaeleza majirani, akitumaini kwamba mchungaji fulani angeichukua kazi hiyo. Miaka 13 ikapita.

Jumamosi moja ya Agosti 1831 mzigo ulizidi kuwa mzito. Miller akafanya agano na Mungu: akialikwa mahali kuhubiri, atakwenda. Moyo wake ukatulia, maana hakuna aliyewahi kumwalika. Kumbe kijana alikuwa tayari njiani. Katika muda wa nusu saa mpwa wake, Irving Guilford, alifika kutoka Dresden na ujumbe kwamba kesho yake hawatakuwa na mhubiri, na wanamwomba Miller aje awafundishe juu ya marejeo ya Bwana.

Miller hakujibu. Alitoka nje akaenda kwenye miti karibu na nyumba yake, akiwa amejikasirikia kwa kuliweka agano lile. Huko alishindana na Mungu katika maombi hata akasalimu amri. Akaenda Dresden. Watu walimsikiliza, wakamwomba abaki juma zima, na wengi wakaongoka. Aliporudi nyumbani alikuta barua ya mchungaji wa Poultney ikimwalika kwenda huko.

Tuangalie jambo hili. Mungu alipotaka kumtoa Miller katika woga, alimtuma mtoto wa dada yake mwenye ujumbe mfupi kutoka kwa ndugu waliohitaji neno. Huenda kijana yule hakujua uzito wa safari yake.

Ndugu aliyemfungulia milango

Kwa miaka 8 Miller alihubiri hasa katika miji midogo na vijiji, akienda mahali alipoalikwa. Mwezi Novemba 1839, kule Exeter, New Hampshire, alikutana na Joshua Himes, mchungaji wa Boston aliyekuwa na umri wa miaka 34. Himes akamwalika kanisani kwake mwezi uliofuata. Huko Himes alimuuliza kwa nini hahubiri katika miji mikubwa. Miller alieleza kwamba hakuwa amealikwa. Himes akamwalika kanisani kwake mwezi uliofuata. Mwaka 1840 alianzisha gazeti la kueneza ujumbe, na baadaye akatafuta hema kubwa kwa ajili ya mikutano. Miller alikuwa na ujumbe. Himes alikuwa na kipawa cha kuupeleka mbali. Hakuna aliyeweza kufanya kazi ya mwenzake.

Siku iliyowavunja moyo

Tarehe 22 Oktoba 1844 ilipita na Yesu hakuja. Leo tunafahamu kwamba hesabu ya miaka haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika tukio walilolitarajia, kwa kuwa hawakuwa wameielewa huduma ya Kristo katika patakatifu pa mbinguni. Asubuhi ile wengi wao hawakulijua hilo. Walidhihakiwa. Wengine walikuwa wameacha mazao shambani, na majira ya baridi yalikaribia. Himes aliwahimiza waumini wawasaidie ndugu waliopungukiwa. Naye Miller, mwezi Novemba, alimwandikia Himes kumweleza kwamba tumaini lake katika kuja kwa Kristo lilikuwa imara kama zamani. Aliyetiwa moyo sasa alikuwa akimtia moyo mwenzake.

Mapema mwaka 1845 kanisa la Wabatisti la Low Hampton lilimtenga. Miaka ya mwisho macho yake yalififia, na hakuwahi kuipokea nuru ya Sabato. Mwezi Desemba 1849 Himes aliitwa, akasafiri hadi Low Hampton na kukaa kando ya kitanda cha rafiki yake. Miller alilala mauti tarehe 20 Desemba, akimngojea Bwana wake.

Ndivyo Yonathani alivyomwendea Daudi nyikani Zifu na kumtia nguvu katika Mungu. Waebrania 10:24, 25 huunganisha mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyatenganisha: kuiona ile siku inakaribia, na kuonyana sisi kwa sisi. Watu wanaotangaza marejeo ya Yesu wasipojuliana hali, ujumbe wao umepungukiwa. Ndugu aliyetii akaumia, aliyepoteza kazi kwa ajili ya Sabato, au aliyeona maombi yake yakikosa jibu alilotarajia, mara nyingi huondoka kanisani kimya. Hahitaji kwanza mtu wa kumweleza alikokosea. Anahitaji mtu wa kubisha hodi mlangoni kwake.

Maswali ya kujadili

1. Ni visingizio gani vya Miller ambavyo wewe pia umewahi kuvitumia? Mungu alivijibu kwa njia gani?

2. Je, mtu aweza kumtii Mungu kwa moyo wote huku akiwa hajaelewa mambo yote? Linganisha na Waebrania 11:8.

3. Ni nani katika darasa lenu hajaonekana kwa Sabato kadhaa? Kabla ya kumaliza somo, kubalianeni ni nani atakayemtembelea juma hili.