Pio Gama Pinto: Mwandishi Aliyezuiliwa Manda

Wagiriama wa Kilifi na Malindi wanaifahamu vyema adhabu ya kuhamishwa kwa ajili ya maneno. Mnamo mwaka 1913 Waingereza walimkamata Mekatilili wa Menza na kumpeleka Kisii, mbali na watu waliomsikiliza. Miongo minne baadaye adhabu hiyo iligeuzwa: mwandishi wa Nairobi aliletwa pwani.

Mwandishi huyo ni Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927 kwa wazazi wenye asili ya Goa. Baada ya masomo yake India alirejea Kenya mwaka 1949, akaandika katika gazeti la Daily Chronicle na kusaidia kuwatafutia mawakili washtakiwa wa Kapenguria. Mwaka 1954, miezi michache tu baada ya kumwoa Emma, alikamatwa na kuzuiliwa kisiwani Manda, kaskazini mwa Malindi, kisha Kabarnet. Hakuachiwa huru hadi 1959.

Kifungo hicho hakikumnyamazisha. Alizitafutia msaada familia za wafungwa, akadai waliosalia vizuizini waachiliwe, na akasaidia kuanzisha Pan African Press, iliyochapisha Sauti ya Mwafrika.

Tarehe 24 Februari 1965, akiwa mbunge mwenye umri wa miaka 37, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Kenya ilikuwa imejitawala kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Waliopanga mauaji hayo hawakufikishwa mahakamani.