Poul Henningsen

Poul Henningsen (9 Septemba 1894 – 31 Januari 1967) alikuwa msanifu majengo, mwandishi na mbunifu wa taa kutoka nchini Denmark. Anafahamika zaidi kwa kifupi cha jina lake, PH, na kwa taa zisizotia macho kiwi.

Maisha

Alizaliwa Ordrup, karibu na Kopenhagen, mtoto wa mwandishi Agnes Henningsen, na utotoni alizoea mwanga wa taa za mafuta. Alisomea ujenzi, lakini hakuhitimu. Balbu za umeme zilipoenea majumbani, aliona kuwa zinaumiza macho na kujaza vyumba vivuli vikali. Wengi hudhani, hata leo, kwamba chumba kisichoonekana vizuri kinahitaji balbu yenye nguvu zaidi. Yeye alichunguza mwanga unakoelekea.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa msanifu wa bustani ya burudani ya Tivoli. Denmark ilikuwa imekaliwa na Ujerumani na taa za usiku zilikatazwa, hivyo mwaka 1941 aliibunia bustani hiyo taa zisizoonekana kutoka kwenye ndege. Mwaka 1943 alikimbilia Uswidi.

Taa za PH

Alishirikiana na kampuni ya Louis Poulsen, na mwaka 1925 taa zake zilionyeshwa Paris. Ile maarufu ina vifuniko vitatu, kimoja juu ya kingine. Mkunjo wake unafanana na wa gamba la konokono, ambao wanahisabati huuita spirali ya logarithimu. Balbu ikiwa kitovuni, mwanga hupiga kila sehemu ya kifuniko kwa pembe ileile. Sehemu kubwa ya mwanga hushuka mezani, na aliyeketi hapo haioni balbu. Henningsen hakukisia: alichora njia ya mwanga na kuikokotoa.

Kipimo cha UGR kinachotumika sasa kilitolewa na Tume ya Kimataifa ya Mwanga (CIE) mwaka 1995, miaka 28 baada ya kifo chake. Hulinganisha ung'avu wa taa na ung'avu wa mazingira yake. Katika ofisi hakitakiwi kuzidi 19.

Mwaka 1958, akiwa amechoshwa na viwanda vilivyobadilibadilisha maumbo ya balbu, alitoa taa ya PH 5, yenye upana wa sentimita 50, inayoficha balbu ya aina yoyote. Bado inatengenezwa.