Mwana wa Seremala na Ndege Iliyokataliwa

Sisi watu wa pwani humjua fundi kwa vyombo vyake vilivyoingia baharini. Vilivyobaki ufukoni hatuviulizi. Mimi leo nitaanza kwa chombo cha Bwana Sydney Camm wa Uingereza kilichokataliwa.

Camm alizaliwa Windsor mwaka 1893, kifungua mimba wa watoto 12. Babake alikuwa seremala, na mwana naye akatiwa kwenye kazi hiyo hiyo angali kijana. Lakini moyo wake ulikuwa angani. Yeye na nduguze wakiunda vijindege vya kuchezea wakiwauzia wana wa wakubwa katika shule ya Eton, ng'ambo ya mto. Chuo kikuu hakukijua.

Mwaka 1923 aliingia kampuni ya Hawker mjini Kingston, na 1925 akawa mkuu wa wachora ndege. Mwaka 1927 akachora Hoopoe, ndege ya vita ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyokusudiwa kuruka kutoka juu ya manowari. Injini yake ilikuwa ya mviringo, silinda zimetawanyika kama miale ya nyota, zikipozwa na upepo. Ikajaribiwa, na wakuu hawakuitaka. Haikuundwa tena.

Mwingine angalivunjika moyo. Camm aligeukia injini nyembamba ya Rolls-Royce, yenye kupozwa kwa maji, akaiundia kiwiliwili chembamba. Ndipo ikatoka Fury, na ndugu yake wa baharini, Nimrod, aliyeingia kazini mwaka 1932. Kutokana na Fury ikazaliwa Hurricane, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1935, na habari za vita vya 1940 nani asiyezijua? Nilipendalo mimi ni kwamba nyuma ya rubani mifupa ya chuma ilivikwa mbao na kitambaa. Useremala haukumtoka!

Mpole hakuwa. Vijana wa ofisini mwake waliuogopa ulimi wake.

Hunter yake ilitufikia hata sisi: jeshi la Kenya liliirusha miaka ya 1970, na la Omani pia.

Uzeeni alisimamia ndege ya kupaa wima, iliyojaribiwa 1960. Tarehe 12 Machi 1966, akicheza gofu Richmond, saa yake ikamfika, naye ana miaka 72. Ndege ile, kwa jina la Harrier, iliingia jeshini 1969, na baadaye ikawa inatua juu ya sitaha za manowari, kule kule ilikokusudiwa Hoopoe.