Mwanafunzi ajifunze nini kwa Mwana Kupona?

KILA tarehe 20 Oktoba, Wakenya huadhimisha Siku ya Mashujaa. Shuleni, wanafunzi husimuliwa habari za waliobeba silaha dhidi ya wakoloni. Aghalabu hawaambiwi kwamba upo ushujaa wa namna nyingine: ule wa mama mgonjwa aliyeona siku zake zinayoyoma, akaamua kumwachia mwanawe elimu.

Shujaa huyo ni Mwana Kupona binti Msham, malenga wa kisiwa cha Pate aliyezaliwa karibu mwaka wa 1810 na kufariki karibu 1860.

Mwanafunzi anayevuka kutoka Lamu kwenda Pate hushukia Mtangawanda, bandari ndogo ya kisiwa hicho. Kutoka gatini, njia humpeleka katika miji mikongwe ya Pate, Siyu na Faza. Ardhi hiyo anayoikanyaga kila afungapo au afunguapo shule ndiyo iliyomlea Mwana Kupona. Alizaliwa Pate, akaolewa Siyu, mji uliosifika kwa wanazuoni wake, mafundi wake na wanakili wa misahafu.

Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Kwa miaka mingi Bwana Mataka alikataa kuuweka mji wake chini ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na majeshi ya Sultani yalishindwa kuutiisha mji huo. Wapinzani hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1856. Mwana Kupona akabaki mjane.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1858, alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Hakuwa na jeshi wala ngome ya kumrithisha bintiye, Mwana Hashima. Alichokuwa nacho ni elimu ya dini, maarifa ya ulimwengu alioujua, na ufundi wa kutunga. Akamtaka binti huyo achukue karatasi na wino, akamtungia utendi wenye beti zipatazo mia moja.

Wanafunzi wengi huufupisha Utendi wa Mwana Kupona kwa sentensi moja, kwamba ni mawaidha ya kumtii mume. Jibu hilo lina ukweli, kwani sehemu kubwa ya utendi inahusu mume na nyumba. Hata hivyo, ni nusu tu ya ukweli.

Anayeusoma wote atagundua kwamba mama huyo anaanza na dini, kisha adabu na kuuchunga ulimi. Anapotaja wanaostahili radhi za bintiye, anamtanguliza Mwenyezi Mungu, kisha Mtume, baba na mama. Mume ni wa tano. Mwishoni anaomba dua kwa ajili ya wanawe na nduguze, na kuwaita wanawake wausome utendi wake. Mwito huo unadhihirisha kwamba aliwatarajia wanawake wenzake kuwa wasomaji, katika zama ambazo ni wachache mno waliodhani hivyo.

Wahakiki nao wanatofautiana. Wapo wanaochukua mawaidha hayo kwa maana yake ya wazi, na wapo walioona kejeli ndani ya picha ya mume anayetunzwa mithili ya mtoto. Mwanafunzi hana budi kupima hoja zote mbili kwa ushahidi wa beti zenyewe, wala si kukariri jibu la mwalimu.

Aidha, lipo somo gumu zaidi. Mwana Kupona anamwonya bintiye asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Bila shaka beti hizo zinamkera msomaji wa leo, na ni haki zimkere. Jamii ya Siyu, kama miji mingine ya pwani wakati huo, ilimiliki watumwa, na malenga huyu hakuinuka juu ya zama zake katika jambo hilo. Kuzificha beti hizo ili shujaa abaki bila doa ni kumdanganya mwanafunzi. Kumtupa malenga kwa sababu yake ni kumnyima urithi. Njia iliyo sawa ni kumsoma mzima, kwa jema lake na kwa kasoro yake.

Upinzani wa Siyu ulivunjwa na Zanzibar katika miaka ya 1860. Utendi nao ulidumu. Mwana Hashima, aliyeishi hadi karne ya 20, aliutunza, na wanawake wa pwani wakaunakili na kuusoma kizazi baada ya kizazi. Mwaka wa 1917 ulichapishwa ng'ambo na mtaalamu Mwingereza Alice Werner, ambaye pamoja na William Hichens aliutoa tena mwaka wa 1934. Leo haiwezekani kuisimulia historia ya ushairi wa Kiswahili bila kumtaja mwanamke huyu wa Pate.

Ni jukumu la walimu, hasa wa visiwa vya Lamu, kuwapa wanafunzi utendi wote badala ya muhtasari wake. Lahaja yake ni ile ambayo bado inasikika vinywani mwa wazee wa visiwa hivyo, na mtoto wa Mtangawanda asiyelifahamu neno anaweza kumuuliza bibi yake. Wanafunzi wa kwingineko hulipekua kamusini. Itakuwa aibu iwapo wa ng'ambo wataendelea kumsoma Mwana Kupona kwa makini kuliko watoto wa kisiwa chake.