Mtwa Mkwawa na Fuvu Lililorejea Kalenga

Utangulizi

Tangu jadi, jamii za binadamu zimetofautiana kuhusu namna ya kumtendea mfu. Zipo zinazoisitiri mifupa ardhini, na zipo zinazoiweka mbele ya macho ya waumini. Mjini Roma, chini ya kanisa la Wakapuchini, mifupa ya watawa wapatao 3,700 imepangwa kutani na darini ili kila aingiaye akumbuke kuwa naye ni wa kufa. Katika Ukambani, kuanzia Wote hadi Kitui, hali ilikuwa kinyume. Ithembo, mahali patakatifu ambapo wazee walitoa sadaka na kuomba mvua, palitambulikana kwa mti mkubwa, mara nyingi mkuyu, wala si kwa mifupa ya watu. Wazee wenye hadhi walizikwa, ilhali maiti za watu wa kawaida zilipelekwa msituni.

Hata hivyo, Afrika Mashariki inalo fuvu moja mashuhuri ambalo limewekwa hadharani na kuheshimiwa kama kitu kitakatifu. Nalo ni fuvu linalohifadhiwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa nchini Tanzania, kama fuvu la Mtwa Mkwawa wa Uhehe. Maisha ya mtawala huyu, pamoja na yaliyoupata mwili wake baada ya kifo, yanabainisha kwamba maana ya mfupa ulioanikwa hutegemea nani aliyeuanika, na kwa ajili ya nani.

Maisha na utawala

Mkwavinyika, aliyekuja kujulikana kwa jina la Mkwawa, alizaliwa yapata mwaka wa 1855. Babaye, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi za Uhehe chini ya utawala mmoja. Munyigumba alipofariki mwaka wa 1879, pakazuka mgogoro wa kurithi kiti. Mkwawa alimshinda mpinzani wake Mwambambe, akashika hatamu na kuupanua utawala wake hadi kwenye njia za misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Kalenga aliifanya makao yake makuu, akaizungushia ukuta imara wa mawe na udongo.

Wajerumani walipojitwalia nchi, Mkwawa hakukubali kuwa mtu wa chini yao. Mnamo tarehe 17 Agosti 1891, kikosi kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa lakabu ya Nyundo, kilivamiwa na Wahehe huko Lugalo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari na wapagazi wake. Ushindi huo uliwashtua watawala hadi Berlin. Kisasi kilikuja mwezi wa Oktoba 1894, ambapo Wajerumani waliishambulia Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa aliponyoka. Kwa muda wa takribani miaka minne alipigana vita vya kuvizia, akilishwa na kufichwa na watu wake. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwake, lakini hawakupata msaliti kwa urahisi.

Kifo na kutengwa kwa kichwa

Tarehe 19 Julai 1898, doria iliyoongozwa na Sajini Merkl ilimfikia Mkwawa huko Mlambalasi, magharibi mwa Iringa. Askari walimkuta amekwisha kufa. Alikuwa amejipiga risasi ili asitiwe mikononi mwa adui akiwa hai. Hata hivyo, alichowanyima akiwa hai walikichukua akiwa maiti: kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Iringa kama thibitisho la ushindi, kisha, kama inavyosimuliwa, kikasafirishwa hadi Ujerumani. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi.

Ili kuelewa uzito wa tendo hilo, yafaa kukumbuka kwamba kwa Wahehe kaburi la mtwa lilikuwa mahali pa tambiko. Walio hai walikwenda huko kuzungumza na wahenga wao na kuomba baraka. Kumzika mtwa bila kichwa kulikuwa kuliacha tambiko lenyewe na pengo. Isitoshe, huko Ulaya mafuvu ya Waafrika yalikuwa yakikusanywa kwa wingi, yakapimwa na kupewa nambari katika makumbusho. Huko nako kulikuwa kuanika mifupa, ila mfupa wenyewe ulikuwa umepokonywa jina, ukoo na heshima.

Mkataba na kurejea

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambamo Wahehe waliwasaidia Waingereza, Horace Byatt aliyesimamia nchi iliyotekwa alipendekeza fuvu hilo lirejeshwe. Ndipo likaingizwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Wajerumani walikana kulijua, na shauri likalala kwa zaidi ya miaka thelathini.

Gavana Edward Twining wa Tanganyika ndiye aliyelifufua. Mwaka wa 1953 alizuru makumbusho ya Bremen, iliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalichaguliwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa, na miongoni mwake likatwaliwa lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Zawadi hiyo haikukosa siasa. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau, na serikali ya kikoloni ilihitaji mno utiifu wa machifu katika nchi jirani.

Hitimisho

Fuvu hilo liliwekwa ndani ya kioo katika jumba dogo la makumbusho hapo Kalenga, pamoja na silaha za enzi zile. Watafiti kadhaa, wakiwemo Martin Baer na Olaf Schröter katika kitabu chao cha mwaka wa 2001, wametilia shaka kama kweli ni la Mkwawa. Shaka hiyo ina msingi, kwa kuwa lilichaguliwa kwa vipimo na tundu, si kwa kumbukumbu iliyoandikwa. Lakini hadhi yake Kalenga haikutokana na vipimo. Ilitokana na watu kulipokea kama mzee wao aliyerudi nyumbani. Kwa njia hiyo, kitu kilichokatwa ili kuonyesha ushindi kikawa ushahidi wa aliyekataa kushindwa. Fasihi nayo haikubaki nyuma: M. M. Mulokozi alimfanya kuwa shujaa wa tamthilia yake *Mukwava wa Uhehe*.

Hata hivyo, kioo si kaburi. Kiwiliwili kimelala Mlambalasi, na fuvu liko Kalenga likitazamwa na wageni. Yamkini hilo ndilo deni ambalo ukoloni uliliacha: kumlazimisha mfu aendelee kuonekana ili ajulikane kuwa amerudi. Na kama fuvu lililo kiooni ni la mtu mwingine, basi kuna ukoo mwingine wa Afrika Mashariki ambao mfu wake anapewa heshima kwa jina lisilo lake, huku wenyewe wakiwa hawajui alipo.