Kazadi Mwamba, kipa wa Mazembe ambaye dunia inamkumbuka kwa dakika 21

Lubumbashi – Jioni ya tarehe 18 Juni 1974, katika kiwanja cha Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, kipa wa Zaire alitolewa mchezoni dakika ya 21. Hakuwa ameumia. Yugoslavia ilikuwa imekwisha kufunga mabao matatu, na benchi likaamua kumwingiza kipa mwingine. Mchezo ulimalizika kwa 9 kwa 0, na kwa miaka mingi kila mtu anayesimulia Kombe la Dunia la mwaka huo anaanza na habari hiyo.

Kipa huyo alikuwa Robert Kazadi Mwamba, wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Ni yeye aliyelinda lango la nchi katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968, na ni yeye aliyelilinda tena mwaka 1974. Kongo imelichukua kombe hilo mara hizo mbili tu. Kwa hiyo kila orodha ya wachezaji wakubwa waliotoka Katanga inapotajwa, jina lake huleta swali: kipa ahukumiwe kwa jioni moja mbaya, au kwa miaka yote aliyosimama golini?

Kijana wa Englebert

Kazadi alizaliwa tarehe 6 Machi 1947. Nchi ilipopata uhuru alikuwa na miaka 13. Ujana wake ulipita katika miaka ya vurugu: Katanga ikajitenga mwaka 1960, ikarudishwa ndani ya Kongo mwaka 1963, na mwaka 1966 mji wa Élisabethville ukaitwa Lubumbashi.

Ekipe aliyoichezea ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Mapadri Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa shule yao, ikaitwa Saint-Georges. Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoidhamini. Neno Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote, liliongezwa mbele baada ya msimu wa 1966, walipokusanya makombe yote waliyoyawania. Jina la Mazembe lilikuja baadaye, wakati wa siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili.

Katika ekipe hiyo mshambuliaji Pierre Kalala Mukendi ndiye aliyefunga mabao yaliyoimbwa na mashabiki. Kazadi alikuwa upande wa pili wa kiwanja, akingoja.

Kutoka 1967 hadi 1970, Englebert ilicheza fainali nne mfululizo za Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika. Ile ya kwanza, dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana, ilikwenda sare mara mbili: 1 kwa 1 Kumasi na 2 kwa 2 Kinshasa. Mchezo wa tatu ulipangwa Kamerun. Waghana hawakufika, na kombe likaja Lubumbashi. Toleo la 1968 halikuacha mjadala wa namna hiyo. Englebert iliifunga Étoile Filante ya Togo 5 kwa 0 hapa nchini, kisha ikapoteza Lomé 4 kwa 1, na hesabu ya jumla ikawa 6 kwa 4.

Fainali mbili zilizofuata zilipotea, moja mbele ya Ismaily ya Misri, nyingine mbele ya Kotoko, ambayo mara hii ilikuja Kinshasa na kushinda 2 kwa 1. Hata hivyo, kutetea kombe hilo mwaka baada ya mwaka lilikuwa jambo zito. Hakuna klabu nyingine ya Afrika iliyoweza kulirudia hadi Enyimba ya Nigeria mwaka 2004, miaka 36 baadaye.

Addis Ababa, Januari 1968

Wakati huohuo Kazadi alikuwa amekwisha kuwa kipa wa nchi. Hakuwa amefikisha miaka 21 alipokwenda Ethiopia kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, chini ya kocha Mhungaria Ferenc Csanádi.

Ghana ndiyo iliyokuwa bingwa mara mbili mfululizo, 1963 na 1965, na katika kundi iliifunga Kongo 2 kwa 1. Katika nusu fainali Kongo ilikutana na wenyeji, Ethiopia, ikapita kwa 3 kwa 2 baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 21 Januari ikarudi mbele ya Ghana katika fainali. Kalala alifunga bao moja. Kwa mchezo wote uliobaki, kazi ilikuwa ya mabeki na ya kipa wao, na Ghana haikupata kitu. Nchi ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza.

Ukuta wa Lubumbashi

Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire. Mwaka uliofuata serikali iliamuru raia waache majina ya Kizungu, na Robert Kazadi akaandikwa Kazadi Mwamba. Mbele yake, katika ekipe ya taifa, walisimama wenzake wa Mazembe: Mwepu Ilunga, Mwanza Mukombo na Bwanga Tshimen. Nchi ilikuwa na wachezaji hodari wa Kinshasa katikati na mbele, lakini sehemu kubwa ya ulinzi wake ilitoka Lubumbashi.

Ekipe hiyo ilipita kwanza kwa majirani. Kwa mtu wa Lubumbashi, Zambia ni karibu kuliko Kinshasa. Mpaka wa Kasumbalesa uko chini ya kilomita mia kutoka mjini, na jamaa wako pande zote mbili. Zaire iliifunga Zambia kwake Lusaka, kisha Kinshasa. Tarehe 9 Desemba 1973 ikaifunga Morocco 3 kwa 0, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia.

Mwaka huo waandishi waliompigia kura mchezaji bora wa Afrika, katika tuzo ya gazeti la Ufaransa la France Football, walimweka Bwanga wa kwanza. Wa pili alikuwa Kazadi. Wa tatu alikuwa Laurent Pokou wa Ivory Coast, mmoja wa wafungaji wakubwa kabisa wa bara. Nafasi mbili za kwanza za Afrika zilikwenda kwa klabu moja ya Lubumbashi, na wote wawili walikuwa watu wa kuzuia mabao.

Machi 1974, huko Misri, Kombe la Mataifa lilirudi. Katika nusu fainali Zaire ilikuwa nyuma kwa mabao mawili mbele ya wenyeji, ikageuza mchezo na kushinda 3 kwa 2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2 kwa 2, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye. Ndaye Mulamba alifunga mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili, na jina lake ndilo lililobaki midomoni. Katika mchezo wa marudio Zambia haikufunga hata moja. Kama ilivyokuwa Addis Ababa miaka sita kabla, siku kombe lilipoamuliwa, lango la Kazadi lilibaki salama.

Mobutu aliwapokea kama mashujaa. Wachezaji waliahidiwa nyumba na magari. Miezi mitatu baadaye wakapanda ndege ya Ujerumani.

Siku tisa za Ujerumani

Mchezo wa kwanza, tarehe 14 Juni huko Dortmund, ulikuwa dhidi ya Scotland. Waskoti walifunga mara mbili katika kipindi cha kwanza, wakafikiri watafunga zaidi. Kipindi cha pili hawakupata kitu. Wakati ule 2 kwa 0 lilionekana jambo dogo.

Baada ya mchezo huo wachezaji waligundua kwamba fedha walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Walivyosimulia baadaye, walitaka kugoma, na waliingia kiwanjani dhidi ya Yugoslavia wakiwa wamelazimishwa, bila moyo wa kucheza. Ndani ya dakika 18 walikuwa wamefungwa mara tatu.

Hapo ndipo Kazadi alipotolewa. Kocha Blagoje Vidinić alikuwa Myugoslavia, na yeye mwenyewe alikuwa kipa wa nchi yake alipokuwa kijana. Kwa sababu hiyo watu walimshuku. Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa afisa wa serikali aliyeongozana na ekipe. Aliyeingia, Tubilandu Ndimbi wa Vita Club, alikuwa mfupi sana kwa kazi ya golini, na alifungwa papo hapo kwa mpira wa kwanza uliomfikia. Mwamuzi naye alimfukuza Ndaye kwa kosa lililofanywa na Mwepu. Hadi mapumziko yalikuwa mabao sita, mwisho tisa. Tofauti ya mabao tisa imetokea mara tatu tu katika historia yote ya Kombe la Dunia.

Hesabu ya kawaida husahau jambo moja: katika mabao hayo tisa, sita yaliingia Kazadi akiwa nje.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walinzi wa rais waliwaendea wachezaji na kuwaonya: wakifungwa na Brazil kwa zaidi ya mabao matatu, wasitegemee kurudi nyumbani. Tarehe 22 Juni Kazadi alirudishwa golini, mbele ya bingwa wa dunia, katika kiwanja kilekile cha Gelsenkirchen alichotolewa siku nne kabla.

Jairzinho alifunga mapema. Kisha Zaire ikashikilia kwa karibu saa nzima, hadi Rivelino alipopiga la pili dakika ya 66. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga shuti dogo kutoka pembeni, mpira ambao Kazadi angeushika siku nyingine yoyote. Ulimponyoka ukaingia. Ilikuwa 3 kwa 0, na zilibaki dakika 11. Bao moja zaidi lingevuka mpaka ambao wachezaji walikuwa wamewekewa.

Halikuingia. Dunia inakumbuka kutoka mchezo huo jinsi Mwepu alivyotoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla wao hawajaugusa, na watu walicheka. Wachache walijua wachezaji wale walikuwa wanaogopa nini.

Katika kundi hilo Yugoslavia, Brazil na Scotland zilimaliza zikiwa na pointi sawa, na tofauti ya mabao ikaamua. Scotland ilirudi nyumbani bila kufungwa mchezo wowote, kwa sababu ilikuwa imeifunga Zaire mara mbili tu. Brazil ilipita kwa sababu ya bao la tatu, lile lililomponyoka Kazadi. Kama angelishika, Brazil ingetolewa. Kipa mmoja wa Lubumbashi aligusa hatima ya nchi tatu kwa siku tisa: kwa kipindi cha pili cha Dortmund, kwa dakika 21 za Gelsenkirchen, na kwa shuti moja la Valdomiro.

Milango iliyofungwa

Safari hii hakukuwa na sherehe ya kuwapokea. Utawala uliokuwa umejivunia Léopards ulijitenga nao. Tangu katikati ya miaka ya 1960 Mobutu alikuwa amewarudisha nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, na kizazi cha 1974 nacho kilizuiwa kwenda kutafuta mikataba Ulaya. Mchezaji wa leo wa Mazembe akifanya vizuri, msimu ukiisha watu wanaanza kuuliza atauzwa wapi. Kazadi, wa pili Afrika nzima mwaka 1973, akiwa na miaka 26, umri ambao kipa anaanza kukomaa, hakuwa na mlango wa namna hiyo.

Alifariki katika miaka ya 1990, wakati Mazembe yenyewe ilikuwa mbali na ukubwa wake wa zamani. Baadhi ya wenzake waliishi muda mrefu zaidi na kupata nafasi ya kueleza upande wao: Mwepu alifariki mwaka 2015, Ndaye mwaka 2019 huko Afrika Kusini. Kwa sehemu kubwa ni kwa simulizi zao kwamba ulimwengu ulifahamu habari ya fedha na ya vitisho. Kazadi aliondoka kabla waandishi wa nje hawajaanza kuuliza.

Robert wawili

Mazembe ilipoinuka tena, ilichukua Kombe la Mabingwa mwaka 2009, 2010 na 2015, na ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, dhidi ya Inter, Desemba 2010. Golini alikuwa Robert mwingine, Kidiaba Muteba, ambaye dunia nzima ilimwona akirukaruka kwa makalio kila ekipe yake ilipofunga. Watoto wa Kamalondo, komini ambapo klabu ina kiwanja chake leo, wanaijua sherehe hiyo hata kama hawakuwa wamezaliwa.

Mazembe ina makombe matano ya mabingwa wa Afrika. Matatu ni ya siku za Kidiaba. Mawili ya kwanza ni ya siku za Kazadi, na juu ya hayo kuna mawili ya taifa ambayo hakuna kipa mwingine wa Kongo aliyeyapata. Katika Kombe la Dunia la 1974 Zaire ilifungwa mabao 14. Nane yaliingia mbele ya Kazadi, katika michezo mitatu, mmoja wao akiwa ametolewa dakika ya 21.

Tangu ile siku ya Machi 1974 Kazadi alipotoka kiwanjani Cairo bila kufungwa, nchi haijalichukua tena Kombe la Mataifa ya Afrika.